Lamu na Vichombo Vyake vya Mfano



Wengi wetu wakaazi wa Mombasa, Kilifi na Kwale huenda Lamu kwa Maulidi, kwa harusi, au kuwatazama jamaa. Safari hii tulikwenda kwa jambo dogo kuliko hayo: kuwatembelea watu wanaounda vyombo vya bahari vya kubebeka mikononi, vichombo vya mfano, kwa kupitisha wakati na kwa mapenzi ya kazi yenyewe. Kazi hiyo huitwa mchezo, na kwa hakika ni mchezo. Lakini tuliyoyakuta ndani yake yametupasa tuyaandike kwa urefu, kwa sababu yanahusu elimu ambayo ikishatoka majumbani mwetu ni vigumu kurudi.

Njia ni ile inayojulikana. Basi hutoka Mombasa, likapita Kilifi na Malindi, likavuka mto Tana karibu na Garsen, likapita Witu, na mwisho likafika Mokowe. Hapo gari hukoma na safari hushikwa na mashua. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambavyo mizigo yake hubebwa na punda na mikokoteni. Gari halina nafasi humo.

Jambo hilo huonekana hata katika michezo ya watoto. Huku Mombasa mtoto mwenye mikono myepesi huunda gari. Hukunja waya kuwa fremu, hukata kopo la mafuta ya kupikia kuwa bodi, huchonga magurudumu kwa ndara kuukuu, kisha hutia usukani mrefu wa waya ili aliendeshe akiwa amesimama. Akimaliza, huligeuza liwe lake: hulipaka rangi, huliandika jina, hulifanya matatu ya njia ya kwao. Mtoto wa Lamu huunda kidau. Kila mmoja huiga kile kinachopita mbele ya baraza ya nyumba yao.

Tulikaa ufukweni baada ya Swala ya Alasiri, maji yakijaa, tukawaona wavulana wanne na msichana mmoja wakishindanisha vidau vyao. Viwiliwili vilikuwa vya mti mwepesi uliochongwa kwa kisu. Zamani tanga lilikuwa kipande cha mfuko wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2017, matanga tuliyoyaona ni ya vitambaa na ya magunia ya mchele. Watoto wale hawakuwa wamefunzwa hesabu ya upepo, lakini walijua kwamba mlingoti ukisogezwa mno mbele kidau huinamisha omo, na tanga likizidi ukubwa chombo hulala ubavu. Kidau kilichokataa kusimama kilifungwa mirengu na matengo, kikawa kingalawa, kikaenda. Hilo ni darasa, hata kama hakuna ubao wala chaki.

Siku ya pili tuliingia Makumbusho ya Lamu, yaliyo kando ya maji. Watu wengi huenda humo kuziona siwa mbili mashuhuri, ile ya pembe iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe. Sisi tulizipita kwa heshima tukaenda kwenye vichombo vya mfano, na tukasimama muda mrefu mbele ya mtepe.

Kwa vijana ambao jina hilo ni geni kwao, mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili wa visiwa hivi, hasa wa upande wa Pate na wa Wabajuni. Haukuwa na misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa moja kwa nyingine kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na mataruma yakatiwa ndani baada ya mbao kukamatana. Omo yake ilitokeza mbele kama shingo ndefu, ikapambwa kwa macho na rangi. Ulikuwa na mlingoti mmoja, na tanga lake lilikuwa la mraba, tena si la kitambaa bali la mkeka. Kwa chombo hicho wazee wetu walisafirisha boriti za mikoko na bidhaa nyingine kutoka bandari hadi bandari.

Leo hakuna mtepe wa zamani uliosalia popote. Ulianza kupungua mbele ya majahazi ya misumari na matanga ya kitambaa, na kufikia katikati ya karne ya 20 ulikuwa umekwisha kutoweka. Mbao zimeoza, kamba zimeoza, na waliokuwa wakizishona wamekwenda mbele ya haki. Basi tunaujuaje? Tunaujua kwa maandishi machache, kwa picha za zamani, na kwa vichombo vya mfano vilivyoundwa na watu walioiona mitepe yenyewe ikiwa majini.

Hapo ndipo uzito wa mchezo huu ulipotudhihirikia. Picha huonyesha upande mmoja tu. Maandishi husema kwamba mbao zilishonwa, lakini hayamwonyeshi fundi sindano iingie wapi na itokee wapi. Kichombo hugeuzwa mkononi, kikatazamwa omo na tezi, ndani na nje. Mwaka 2003, mafundi walipounda mtepe mzima huko Zanzibar ndani ya Beit al-Ajaib, ilibidi wauzindue usanifu uliokwisha kufa, na vichombo vya mfano vilikuwa miongoni mwa mashahidi wao. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo kubwa ikaporomoka. Tukio hilo linatukumbusha kwamba hata kuta nene za makumbusho hazitoshi kuwa dhamana ya pekee. Elimu ikiwa katika nyumba moja iko hatarini. Ikiwa katika nyumba mia, ina salama.

Kutoka hapo tulikwenda Matondoni, kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa, ambacho sifa yake ni uundaji wa majahazi. Fundi mmoja mzee alitukaribisha kwenye kivuli cha banda lake. Kazi yake ya maisha imekuwa majahazi makubwa. Sasa mgongo umechoka, naye huunda vichombo. Mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka kumi au zaidi kidogo, alikuwa akimshikia uzi.

“Babu,” mtoto alimwuliza mbele yetu, “huyu ni mdogo hivi, kwa nini humtii mataruma yote? Hayataonekana.”

“Mwanangu,” mzee akamjibu, “bahari haiyaoni pia, lakini ndiyo yanayoishika mbao. Ukiyaacha leo, atakayekuja kesho atadhani hayakuwapo.”

Tukamwomba atueleze kipimo chake. Alisema kwamba kila dhiraa ya jahazi kubwa huifanya wanda mmoja katika kichombo. Kwa hesabu ya zamani dhiraa ni nyanda 24, kwa hiyo kipimo chake ni moja kwa 24. Jambo la ajabu ni kwamba hicho ndicho kipimo wanachokitumia Wajapani katika magari mengi ya mfano ya plastiki, yale yanayouzwa vipande vipande ndani ya boksi ili mnunuzi ayaunganishe na kuyapaka rangi mwenyewe. Wamarekani nao wamezoea moja kwa 25. Mzee wa Matondoni na kiwanda cha Ujapani hawajapata kuonana, lakini ukubwa unaofaa mkono na jicho la mwanadamu umewakutanisha.

Kipimo kikishachaguliwa hakina huruma. Jahazi la mita 12 litakuwa na sentimita 50. Ubao wa unene wa milimita 48 utakuwa wa milimita 2. Kamba nene ya milimita 24 itakuwa uzi wa milimita 1. Baharia wa urefu wa sentimita 168, lau angekuwamo, angekuwa na sentimita 7, na kila kitu alichokishika sharti kilingane na mkono wake. Makosa mengi huanzia hapo. Mtu huchonga kiwiliwili kizuri, kisha akakitia nanga iliyo kubwa kuliko baharia watatu, au kamba iliyo nene kama mlingoti. Jicho la mtazamaji huenda lisijue kosa liko wapi, lakini halitulii.

Kazi yenyewe huanza kwa mkuku, mti wa chini unaobeba chombo chote. Juu yake husimamishwa omo na tezi, kisha mbao na mataruma. Ubao mwembamba hulowekwa maji moto ili ukubali kupindwa bila kupasuka, ukafungwa mpaka ukauke na umbo lake. Baada ya hapo huja msasa, mafuta, mlingoti, foromali, tanga na kamba zake. Mzee alitufahamisha jambo ambalo wengi hatulizingatii: jahazi la Lamu lina omo iliyosimama karibu na wima, na la Zanzibar lina omo iliyolala. Anayeunda kichombo bila kuitazama tofauti hiyo ameunda jahazi lisilo na kwao.

Hapa tunapenda kusema neno na mama na dada zetu, maana huenda wakadhani kwamba hii ni kazi ya wanaume peke yao. Mtepe ulishonwa kwa kamba za usumba na ukaendeshwa kwa tanga la mkeka. Katika sehemu nyingi za mwambao wetu, wanaofukia makumbi ya nazi katika matope ya pwani, wakayafukua miezi kadhaa baadaye, wakayaponda na kuzisokota nyuzi zake, ni wanawake. Wanaosuka ukili na kuushona ukawa mkeka ni wanawake. Kwa hiyo nusu ya chombo kile, nusu iliyoshika mbao na kukamata upepo, ilitokana na mikono ya aina hii. Fundi wetu hakuona haya kulikiri: kwa kichombo cha mtepe, yeye huchonga mti tu, kamba nyembamba na kitanga cha mkeka humwachia mkewe, kwa kuwa ukili wa upana wa jani la mchicha hauwezekani kwa vidole vyake. Bibi huyo alituonyesha kitanga alichokimaliza. Kilikuwa na ukubwa wa leso ya mkononi, na mshono wake haukuonekana mpaka tulipokinyanyua kwenye mwanga.

Si vichombo vyote vilivyoundwa kwa uangalifu huo. Baadhi ya vile vinavyouzwa kwa wageni huchongwa kwa haraka: tanga limegundishwa, kamba mbili tatu zimefungwa pasipo maana, na usukani haugeuki. Hatuwalaumu wanaovitengeneza, watoto hula kwa kazi hiyo, na mgeni hataki kungoja miezi miwili. Tunachosema ni kwamba kichombo cha namna hiyo ni pambo, hakiwezi kuwa shahidi. Na jahazi nalo sasa liko njiani ulikopita mtepe. Mashua za faiba na mashine zinaongezeka, na vijana wanaojua jina la kila kamba wanapungua. Wajukuu wetu wakitaka kulijua jahazi, huenda wakategemea kile ambacho sisi tutakuwa tumekiweka juu ya kabati.

Kwa familia itakayotaka kuanza, gharama si kubwa. Panahitajika kisu kizuri, msumeno mdogo, tupa, msasa, gundi ya mbao, uzi wa pamba na kipande cha kanga kuukuu kwa ajili ya tanga. Mti uwe laini na usio na mafundo. Hata mbao za masanduku ya matunda hufaa. Chagueni chombo kimoja cha kweli, kilicho mbele ya macho yenu, kama vile ngalawa ya jirani au mashua iliyopandishwa ufukweni. Mwombeni mwenyewe ruhusa, kisha mkipime kwa shibiri au kwa utepe, urefu, upana na kina, na watoto waandike kila kipimo katika daftari. Gawanyeni kila kipimo kwa 24. Anayejifunza kugawanya kwa njia hii haulizi hesabu ina faida gani. Kisu kikali kibaki mikononi mwa mkubwa, na watoto wadogo wapewe msasa, uzi na rangi.

Halafu iko kazi isiyohitaji chombo chochote cha ufundi. Wakati mikono inapiga msasa, waulizeni wazee majina: foromali ni ipi, demani ni ipi, dasi ni nini, chombo hiki kilikuwa cha nani na kilibeba nini. Majina hayo mtoto akiyaandika katika daftari lile lile la vipimo, na daftari likawekwa pamoja na kichombo, basi nyumba hiyo imehifadhi kitu kamili. Mti pekee huonyesha umbo; daftari humwambia atakayekuja chombo kiliitwaje na kiliendeshwaje.

Tulipoondoka Matondoni mzee hakutuuzia kichombo kile, wala hatukumshikilia. Alisema ni cha mjukuu, na bado mataruma kumi na moja hayajatiwa.