Maji ya kusuuza yasimwagwe ovyo

Hapa Goma ziwa Kivu tunaliona kila siku, lakini robine zinaweza kukauka wiki nzima. Siku moja nilimgombeza msichana wa darasa langu kwa kuchelewa. Akajibu polepole: «Mwalimu, nilitoka ziwani.» Alikuwa amebeba bidoni ya litri 20. Jioni nilimwaga beseni mbili za maji ya kufulia, kisha nikamtuma binti yangu ziwani atafute maji ya choo. Nikaona haya.

Sasa maji ya kusuuza nguo nyeupe yanafua za rangi, halafu yanaenda chooni. Niliyooshea mboga yanamwagilia lengalenga katika magunia, maana uwanja wetu ni mawe ya volkano. Hayalali, yasije yakanuka. Ya sabuni hayagusi mboga, wala hatuyanywi. Kule Windhoek, Namibia, tangu 1968 maji machafu yanasafishwa hadi yanyweke, lakini wana mitambo na wataalamu.

Sisi tuna beseni tu. Hata hivyo, binti yangu anaenda ziwani mara moja, si mara tatu, na kengele inamkuta darasani.