Liwa na Mionzi

Mwanamke wa visiwani huifahamu ngozi yake tangu utotoni. Mafuta ya nazi hupakwa tangu uchanga. Liwa husagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na marashi ya mawaridi. Singo humngojea siku za harusi, na udi hufukizwa katika nguo zake. Kwa hiyo mama mmoja wa makamo, alipovuka kwa boti kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam baada ya kutolewa uvimbe titini, hakuona kwamba amebeba anasa. Mkobani mwake mlikuwa na kopo la liwa, chupa ya mafuta na kanga, kama walivyobeba mama zake kila waliposafiri.

Alikwenda Ocean Road, hospitali inayotazama bahari ileile aliyoivuka, ambako wagonjwa wengi wa saratani kutoka Unguja na Pemba wamepata tiba ya mionzi. Alipangiwa vipindi 25, vitano kwa wiki. Alichorwa alama za wino kifuani, akaambiwa asizifute. Mashine ilimmulika kwa dakika chache tu. Hakuhisi moto wala maumivu. Wiki mbili zikapita, akasema moyoni kwamba waliomtisha walimdanganya.

Wiki ya tatu ngozi ikaanza kusema. Mionzi inapoua chembe za saratani hudhuru pia chembe changa za ngozi, zile za tabaka la chini ambazo kazi yake ni kupanda juu na kushika nafasi ya zilizochakaa. Akiba hiyo ikipungua, ngozi hukauka, huwasha na kubambuka. Penye mikunjo, kama kwapani na chini ya titi, huweza kuwa mbichi na kutoa majimaji. Jambo hili lilijulikana mapema. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Mwaka 1901 Henri Becquerel alichukua kichupa cha radiamu katika mfuko wa kizibao chake, ngozi ikamuungua palepale kilipokaa.

Vitabu huiita dalili ya kwanza wekundu. Hapo ndipo penye kasoro, kwani sifa hiyo ni ya ngozi nyeupe. Ngozi ya mama yule haikuwa nyekundu. Ilizidi weusi, ikakaza, ikawa na joto. Anayetafuta wekundu peke yake angesema hapana kitu. Naye mwenyewe, kwa haya aliyolelewa nayo, hakusema. Usiku alijipaka liwa, akasugua ili ingie, ikamchoma. Akadhani mashine imekosea. Vipindi 9 vilikuwa vimebaki, naye akaanza kuuliza saa za boti.

Aliyemzuia ni muuguzi wa umri wa binti yake, ambaye hakutosheka na kutazama.

“Shikamoo mama. Usiku unalala?”

“Marahaba mwanangu. Nitalalaje? Nguo ikinigusa nashtuka.”

“Panawasha au panachoma? Umepaka nini?”

Mama alinyamaza, kisha akatoa kopo. “Liwa. Ndiyo tuliyokulia.”

Muuguzi hakucheka. Alinusa, akafunika. “Nzuri, mama. Itunze. Siku yake itafika.”

Kisha akamfunza. Aoge, kwani kukatazwa maji ni mafunzo yaliyopitwa na wakati: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali wala manukato, na kujikausha kwa kugusisha kanga bila kusugua. Apake mafuta mepesi yasiyo na harufu. Aache sidiria inayobana, avae kanga ya pamba iliyolainika kwa kufuliwa. Asikune, asibandike plasta, akinge jua. Daktari akamwandikia krimu ya steroidi ya kupunguza mwasho. Na kwapani palipokuwa pabichi pakafunikwa kwa kitambaa cha dawa kisichoganda kwenye kidonda. Juu ya yote, asikatize tiba kwa shauri lake mwenyewe, maana chembe za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuzaana upya.

Aliambiwa pia jambo ambalo asingelijua lingemtia hofu: ngozi huweza kuzidi kuharibika wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho, ndipo ianze kupona. Siku hizi, pengi duniani, wagonjwa wengi wa saratani ya titi hupewa vipindi 15 badala ya 25, na kwa kawaida ngozi zao huumia kidogo zaidi. Lakini hata hao huhitaji kuulizwa.

Alimaliza vyote 25. Nyumbani ngozi ilibambuka kama maganda ya kitunguu, na mpya ikatokea chini yake. Wiki zikapita, maumivu yakaisha. Kifuani pakabaki kivuli cheusi chenye pembe nne, kama alama ya dirisha ukutani.

Jirani yake alipopata maradhi hayohayo na kufunga safari, alikuja kuaga. Mama alimpa kanga moja kuukuu, laini. Liwa hakumpa.

“Wakikutazama wakasema hamna kitu,” alimwambia, “usinyamaze kama mimi. Waambie panapouma. Ngozi yetu haisemi kwa rangi, mwenzangu, lazima uisemee.”