Daftari la Mbio

Kabatini mwangu lipo daftari lenye jalada gumu, ambalo wajukuu wamekatazwa kulichezea. Humo niliandika muda wa wanafunzi niliowapima mbio tangu nilipoanza kufundisha sekondari mkoani Singida, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Siku hizo shule za sekondari za mkoa wetu zilikuwa za kuhesabika. Msimu wa UMISSETA ulipofika tuliwapakia watoto kwenye lori, na kutoka Kiomboi hadi Singida mjini vumbi liliwafanya wote kuwa kabila moja. Njia za kukimbilia tulizichora kwa majivu. Aliyeshinda shuleni alikwenda wilayani, kisha mkoani, kisha kanda, na mwenye bahati akafika taifa. Wavulana wote walitaka kukimbia kama Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Niliwaonya. Hawakunisikia, na mzunguko wa tatu ukawaadhibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Haikuwa hoja ya kipuuzi. Nimewaona vijana wakirudi kutoka kanda wakiwa na medali shingoni na daftari la hesabu tupu.

Lakini mwaka ule nilikuwa na binti wa kidato cha pili, kutoka upande wa Ikungi. Kila asubuhi alikuja shule mbio, na akifika pumzi yake imetulia kama aliyetoka kuketi. Nikamwambia, "Subiri mwakani." Mwakani nikamwambia vilevile. Saa ya kupimia mbio nilikuwa nayo. Jioni yoyote ningeweza kumpima mwenyewe. Sikumpima. Nilijiambia kwamba kumkimbiza mtoto pasipo mashindano ni kumtesa bure. Akamaliza kidato cha nne, akaolewa. Michezo iliporejeshwa, yeye alikuwa analea.

Septemba 15, 2025, kwetu kukiwa bado usiku, nilikaa mbele ya televisheni kumtazama Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mampando, Ikungi, akikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza kwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi picha iamue. Simbu alimshinda kwa sehemu 3 za mia za sekunde, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Saa yangu ya zamani isingeiona tofauti ile; ningewapa sare, na ningeapa kwamba nimepima sawasawa.

Kulipokucha simu ikalia. Alikuwa yule binti, sasa mama mtu mzima.

"Shikamoo, Mwalimu. Umemwona kijana wetu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemwona."

Tukafurahi pamoja. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya mtama, "Hivi mimi nilikuwa nakimbia ngapi?"

Nikamwambia nitatazama kwenye daftari.

Jina lake lipo, kwa kalamu nyekundu, kama nilivyoandika ya wote niliowatumainia. Mbele ya jina hakuna kitu. Hajapiga tena, nami sijampigia.