Gari Nililoliinamisha Likamwacha Mama Njiani

Juma lililopita mpwa wangu alifika nyumbani kwangu Mikindani, Mombasa, akiwa na furaha ya bwana harusi. Amenunua Mazda Demio, gari lake la kwanza, baada ya kudunduliza akiba kwa miaka minne. Nililizunguka, nikalisifu, nikamwombea heri. Kumbe hakuja kunionyesha gari tu. Alitoa mfukoni karatasi aliyoandika mahitaji yake: rimu za inchi 17, matairi mapana ya ubavu mfupi, na kukatwa kwa springi ili gari lilale chini. Jumla Sh70,000. Yeye alikuwa na Sh50,000. Zilizosalia, mjomba angezitoa.

"Mjomba, hivi lilivyo linafanana na kuku aliyenyeshewa," aliniambia. "Nataka likipita watu wageuke."

Sikumcheka, wala sikumkemea. Nilimwambia aketi, nikamwomba mke wangu atuletee chai. Mimi nami niliwahi kutaka watu wageuke, msomaji mpenzi, na wakageuka. Kisa chenyewe nimekificha kwa miaka mingi kwa sababu ya haya, lakini siku ile nilikitoa chote, na leo nakitoa tena hapa.

Mwaka 2011 nilikuwa na Toyota Corolla ya umbo la 110. Lilikuwa gari la watu wazima, halina makuu. Matairi yake yalikuwa yameandikwa 175/65R14. Wakati huo nambari hizo kwangu zilikuwa kama maandishi ya Kichina, na laiti ningemwuliza mtu mwenye kuzijua! 175 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 114. Na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu huo wenye hewa ndani ndio mto wa kwanza wa gari. Springi ni mto wa pili.

Mimi niliitupa mito yote miwili kwa siku moja.

Niliuziwa rimu nne za mtumba za inchi 17, zinazong'aa hata unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Zilikuja na matairi yake, 205/40R17. Ukipiga hesabu, ubavu wa tairi hilo ni milimita 82 tu. Lakini gurudumu zima, kutoka chini hadi juu, lilikuwa limekua: la zamani lilikuwa na kimo cha milimita 583, jipya 596. Kwa hiyo nilikuwa nimechukua gurudumu refu zaidi, pana zaidi kwa milimita 30, nikalisukuma ndani ya nafasi ileile. Kisha, kana kwamba hilo halikutosha, nikampa fundi idhini aishushe bodi juu yake.

Fundi huyo alizitoa springi nne, akakata mzunguko mmoja na nusu katika kila moja, akazirudisha. Kazi ya asubuhi moja. Gari lilishuka kama vidole vinne. Nilipolitazama kutoka ng'ambo ya barabara, nakiri, moyo ulinidunda. Lilikuwa zuri.

Mke wangu alilitazama kwa muda, akasema, "Baba watoto, umelinunulia gari viatu vya harusi, na njia yetu ni ya shamba." Nilimwona hajui mambo ya mjini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mke naye ni mkuu, ila siku hizo sikulijua hilo.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mfalme. Makondakta wa matatu walinipigia miluzi. Dalili za maafa zilikuwapo, lakini niliziita mambo madogo. Kila tuta nililipanda kimshazari kama kaa, na bado tumbo la gari lilikwaruza. Nikikata kona, tairi lilisugua bodi kwa sauti ya mtu anayepasua kitambaa. Sikulipeleka gari kupimwa usawa wa magurudumu baada ya kulishusha, na matairi ya mbele yakalika upande wa ndani hadi nyuzi zikachungulia. Baadaye nilikuja kujua kwamba ubavuni mwa tairi kuna nambari nne zinazoonyesha lilipotengenezwa. Langu moja lilikuwa na 3104: juma la 31, mwaka 2004. Lilikuwa limetimiza miaka saba, nami nililinunua kwa kuwa lilikuwa jeusi na lilipakwa mafuta.

Kisha ikaja simu kutoka Taita.

Mama yangu alikuwa na miaka 71, akiishi kwetu milimani, juu ya Wundanyi. Dada yangu alinipigia Ijumaa usiku. Mama alikuwa na homa kali, na kifua kilimbana hata akashindwa kulala chali. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimeshika. Boda boda hawakuthubutu kumbeba mgonjwa wa namna ile katika utelezi ule. "Njoo na gari, kaka," dada alisema. "Si una gari?"

Niliondoka kabla ya alfajiri. Barabara ya lami hadi Voi haikunisumbua sana. Mwatate nilipita salama, nikazipanda zile kona za kwenda Wundanyi huku gari likishika barabara vizuri ajabu. Nilijisifu kidogo. Gari lililoshushwa hushika lami kwa uhakika, sitalinyima haki yake.

Lakini nyumbani kwetu si kwenye lami. Kutoka barabara kuu kuna njia ya udongo ya kilomita tatu hivi, yenye mawe, na mahali pamoja kuna mtaro unaoikata njia. Nikiwa peke yangu nililivusha gari polepole, nusu kwa injini, nusu kwa dua. Nikafika.

Mama alipotolewa nje alikuwa amefunikwa blanketi mbili na bado anatetemeka. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa dada. Binamu yangu akaketi mbele. Watu wanne. Nilipokaa kwenye usukani nilihisi gari limekaa nalo, kama ng'ombe aliyechoka.

Ndipo nilipofahamu springi ni kitu gani. Springi haikuwekwa kwa ajili ya dereva aliye peke yake mjini. Imewekewa nafasi ya kushuka kwa ajili ya abiria na mizigo. Nafasi hiyo mimi nilikuwa nimeitumia yote kwa urembo. Kila tulipogonga jiwe, shokomzoba zilifika mwisho wake na kugota, na mama aliguna. Matairi ya nyuma yalisugua bodi mpaka tukasikia harufu ya mpira unaoungua.

Tulipofika kwenye ule mtaro, magurudumu ya mbele yalivuka, kisha tumbo likakaa juu ya ukingo. Nilikanyaga mafuta. Magurudumu yalizunguka hewani na matopeni, gari halikusogea hata shubiri moja. Binamu alishuka akasukuma, nami nikashuka nikasukuma, mvua ikitunyea. Gari lilikuwa limelala. Si ndivyo nilivyotaka?

Tulikaa pale karibu saa nzima. Dada hakunilaumu kwa neno. Alikuwa akimpepea mama na kumwita jina lake kila mara asilale. Ukimya wake ulinichoma kuliko tusi.

Aliyetuokoa alikuwa jirani anayepeleka kabichi sokoni kwa Toyota Probox. Gari hilo mimi nilikuwa nikilidharau. Nililiita sanduku lenye magurudumu. Lilikuwa na rimu zake za chuma, matairi ya mzigo, na springi za nyuma zilizokuja nalo. Jirani alishusha magunia ya kabichi kando ya njia bila kuuliza yatalipwa na nani. Tulimhamisha mama. Probox ikashika ukingo wa pili wa mtaro, ikauvuka, ikapotea kwenye kona na mama yangu ndani.

Mimi sikupata nafasi ya kukaa. Nilibaki na gari langu linalong'aa na magunia ya kabichi.

Nilifika hospitalini alasiri kwa miguu na lifti. Ilikuwa nimonia. Nilimkuta mama amewekewa mrija wa oksijeni puani, anapumua. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikashindwa kusema. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo: "Mwanangu, gari lako limeinama sana. Mwenye kuinama ni mimi niliyezeeka." Kisha akatabasamu. Aliishi miaka mingine sita, na hakulitaja tena jambo hilo. Mimi ndiye ninayelitaja, moyoni, kila ninapopita Mwatate.

Nilipomaliza, chai ya mpwa wangu ilikuwa imepoa. Aliniuliza kama basi gari lisipambwe kamwe. La hasha, sikusema hivyo. Mimi mwenyewe baada ya pale niliziuza zile rimu kwa hasara, nikaweka springi nzima, na nikanunua rimu za inchi 15 na matairi mapya ya 195/50R15. Kimo chake ni milimita 576, pungufu ya la asili kwa milimita saba tu. Hayakusugua popote, na gari lilipendeza.

Nilimwandikia nyuma ya karatasi yake mambo ya kuangalia. Kwanza, matundu ya nati: Demio yake ina matundu manne yaliyo kwenye duara la milimita 100, rimu ya duara la 114.3 isilazimishwe hata kama muuzaji ataapa. Pili, rimu isichomoze nje ya bodi wala isiguse shokomzoba kwa ndani. Tatu, kimo cha gurudumu kikaribiane na cha asili, na tairi liweze kubeba uzito kama la asili au zaidi. Nne, asome zile nambari nne za umri. Na akiwa lazima alishushe gari, springi isikatwe. Anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo, ashuke kidogo tu, kisha apime usawa wa magurudumu siku hiyohiyo.

La tano sikuliandika, nilimwambia kwa mdomo. Kabla ya kutoa senti, ajiulize ni nani atakayepanda gari hilo siku ya shida, na anaishi wapi. Mama yake, yaani yule dada yangu, bado yuko kule juu ya Wundanyi, na ule mtaro bado uko.

Hakunijibu. Aliikunja karatasi, akaaga, akatoka. Nilipochungulia dirishani nilimwona amechuchumaa kando ya Demio yake, ameingiza ngumi kati ya tairi na bodi, anapima nafasi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

Zile Sh20,000 bado ninazo. Akija kuniomba za matairi mapya, nitampa.