Laini za Shaba za Malindi

Mwaka 2006, Mwitaliano aliyetaka chumba Malindi alipiga simu ya mezani. Simu za mkononi tulikuwa nazo, lakini namba iliyochapwa kwenye vipeperushi vya Ulaya ilikuwa ile ya waya, inayoanza na 042.

Mwezi wa Mei, kusi ikivuma na hoteli nyingi zimefungwa, hoteli moja ndogo upande wa Casuarina iliniita. Swichibodi yake ilikuwa imekufa, na bei ya mpya ilimshinda mwenyewe. Nikamweleza habari za Asterisk, programu huria aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Naye alikuwa na kampuni changa isiyomudu kununua mtambo wa simu. Akauandika wake, kisha akaugawa bure pamoja na msimbo wake.

Tulitafuta kompyuta iliyotumika na kadi ya Digium yenye soketi nne. Vipande vyekundu vya kadi hiyo hupokea laini za nje. Vya kijani huzipa umeme simu za ndani. Programu ilitufikia kwa CD, maana intaneti bado ilipitia setilaiti; nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009.

Jasho lilitutoka kwenye waya. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula viungio, sauti zikikwaruza. Akaja fundi mzee wa simu, akakata kila ncha yenye kutu ya kijani na kuiunga upya. "Mwanangu," akaniambia, "shaba ikiwa chafu, kompyuta yako itasikia nini?"

Likabaki tatizo moja: mpigaji akikata simu, mtambo haukujua, na laini ikabaki imeshikwa. Mzee akaniambia nisikilize ule mlio wa tu-tu-tu unaofuata, kwani una kipimo chake. Tukapima urefu wa mlio na wa kimya, nikaviandika kwenye faili la mipangilio. Tangu hapo mtambo ukiusikia ulikata wenyewe.

Ujuzi wa mzee yule uliingia katika mtambo kwa sababu mtambo ulikuwa wazi. Vijana wa Malindi na Kilifi mnaosomea kompyuta, Asterisk ingali ya bure. Isakinisheni, na mafundi wazee wa mitaani kwenu waulizeni wangali hai.