Motere gani kwa gari letu dogo?



Tangu muhula uliopita maneno ni mengi katika dortuari ya wavulana juu ya gari dogo ambalo sisi wane wa mwaka wa sita tunatengeneza, ili lizunguke kwa mbio katika uwanja wa mpira. Kadre ya mabomba iko karibu tayari. Magurudumu tumeyatoa kwa pikipiki ndogo zilizokufa. Kinachobaki ni motere, na kwa sababu mimi ni kapita wa wanafunzi, kila mtu ananiletea shauri lake, hata asubuhi kwenye kunawa uso: “Kapita, tieni Boxer! Boxer njo iko na nguvu!”

Boxer wanayosema ni ya yaya wangu. Yeye ni motard. Mwezi uliopita moto yake ilianguka na kadre ikajipinda, lakini motere ni nzima, inalala nyumbani kwetu chini ya sheeti. Wenzangu wameanza kuiangalia kama mbwa anavyoangalia nyama. Mimi najua kitu kingine: motere ile njo imelipa minerval yangu miaka mine, na siku watu walipokimbia vijiji ilibeba mama na watoto watatu mara moja mpaka pahali pa usalama.

Basi niliona heri kwanza tuulize swali lenyewe, kama motere ile inafaa kweli kwa kazi tunayotaka.

Watu wengine walipita njia hii mbele yetu. Huko Uingereza mwaka 1946 Charles Cooper na mtoto wake John waliunganisha sehemu za mbele za gari mbili za Fiat, wakatia nyuma ya dereva motere ya JAP ya cc 500, kilinda moja tu, ile ya pikipiki za mbio za speedway. Shene ilizungusha magurudumu ya nyuma. Stirling Moss alinunua moja mwaka 1948, na mwaka 1959 na 1960 Jack Brabham akawa bingwa wa dunia katika gari la Cooper lenye motere nyuma vilevile. Marekani nako mpaka leo kuna magari madogo yenye motere ya pikipiki ya cc 600, yanazunguka katika viwanja vifupi vya udongo. Udongo kama wetu!

Sasa sikilizeni vizuri, hapa njo kuna siri. Pikipiki ikiingia kona inalala, na mafuta ya motere yanabaki pahali pake chini, karibu na pompi. Gari halilali. Mafuta yanakimbilia upande wa inje ya kona, pompi inanyonya hewa, na vyuma vinakauka. Nilifanya hesabu, nikamwonyesha mwalimu wetu wa fizika. Kona ya uwanja wetu ina nusu-kipenyo cha metre 20. Kwa mwendo wa kilometre 36 kwa saa, ni kama metre 10 kwa sekunde, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 20, unapata 5, ambayo ni nusu ya uzito wa kitu chenyewe. Kwa mafuta ni kama umeinua motere upande mmoja digri 27. Boxer ina mafuta kama lita moja tu chini yake. Kwa kona moja haina neno. Lakini sisi tunataka kuzunguka mara ishirini, daima upande mmoja.

JAP ya Cooper haikuwa na shida hii kwa sababu mafuta yake yalikaa katika tangi ya mbali. Ndipo nikakumbuka ile Yamaha AG 100 iliyokauka katika depo, ambayo kila mtu anaiita kyuma ya wazee. Ni cc 97, nayo Boxer ina karibu 145. Lakini AG ni ya tempo mbili: mafuta yanaingia pamoja na esansi na kuungua nayo, hakuna bwawa chini la kukimbia huku na huku (ya vitesi yako mbali). Inatoa moshi, ni kweli, na kelele yake haifurahishi. Tena ilitengenezwa kwa kazi ya mashamba, inavuta vizuri hata ikizunguka polepole, na gari linalotoka katika kona fupi linahitaji nguvu ile ya chini. Nguvu ya Boxer inafika juu kabisa karibu na mizunguko 7500 kwa dakika. Katika uwanja wetu, kabla hujafika pale umekwisha kushika freni.

Siku ya mungu nilipeleka maneno haya nyumbani. Wenzangu walitaka nimwombe yaya kwa unyenyekevu. Yaya aliangalia hesabu yangu, akasema: “Ninyi munatafuta nguvu ya kuonyesha batu. Mie natafuta ya kupandisha mizigo.” Mama aliuliza neno moja tu: kakao yetu tutabeba na kichwa? Nikajibu kwamba sikuja kuomba motere. Nilikuja kuomba anikopeshe funguo zake za chuma. Alinipa zote, hata ile ya bujii, na juma hili yeye anatafuta kadre nyingine Butembo.

Wenzangu wawili bado wamenikasirikia. Wanasema kapita ametetea nyumba yake. Ni kweli nimeitetea, na hesabu ipo, kila mtu anaweza kuifanya upya.

AG tumeifungua. Pistoni ni nzuri, segma zimekwisha. Mfanyabiashara mmoja atatuletea nyingine. Motere tutaikalisha pembeni ya dereva, kwani inapozwa na upepo tu, na nyuma ya mgongo wake upepo haufiki. Shule imekubali, lakini esansi isiingie dortuari hata kikombe, na gari lisiwashwe mbele ya mtihani wa Serikali kuisha.

Tunakosa bado kuroni ya nyuma yenye meno mengi kuliko ya kiwanda. Mwenye kujua mzee aliye nayo, hata kama imelika kidogo, anipate kisha sala ya jioni.