Gitaa la besi la bei poa: je, linamfaa anayeanza?

Huku Leicester sisi wazima, ila baridi inatukomesha. Nimekuwa kimya kwa ajili ya zamu za usiku, lakini leo nina jibu la ule mjadala wenu wa Morogoro.

Kwa wasiojua: mpiga besi wa kwaya yetu amehamia Dar na gitaa lake, na mdogo wangu wa mwisho anataka kushika nafasi yake. Mama anasema gitaa rahisi ni kutupa hela, bora iongezwe kwenye ada. Mjomba anasema kama ni kununua, linunuliwe la maana. Mnunuzi ni mimi, na mshahara wa nesi mnajua unavyogawanyika.

Hapa kazini tuna porta mmoja, mzee wa Kijamaika, anapiga besi kanisani kwao miaka mingi. Siku ya mapumziko akanisindikiza kutafuta. Jamani, kumbe gitaa linapimwa kama mgonjwa: unatazama, unagusa, unasikiliza.

Kwanza shingo. Shika uzi, ubonyeze kwenye freti ya kwanza na ya mwisho (freti ni vile vyuma vilivyolazwa shingoni), kisha tazama katikati. Panatakiwa kanafasi kadogo kama unene wa kadi nyembamba. Pakiwa wazi sana, shingo imepinda. Hilo hurekebishika kwa kukaza fimbo ya chuma iliyo ndani yake. Lakini ikiwa imejisokota kama kamba, achana nalo.

Pili nyuzi. Zikikaa juu sana, vidole vinaumia na mwanafunzi anakata tamaa. Kwenye freti ya 12, milimita 2 hadi 3 zinatosha.

Tatu sauti. Piga uzi mtupu, halafu bonyeza freti ya 12. Inatakiwa itoke sauti ileile, ila ya juu zaidi. Kisha bonyeza freti zote mojamoja usikilize kama kuna panapokwaruza.

Duka la kwanza tulikuta jekundu, linang'aa, pauni 60. Shingo imejisokota! La pili ni Yamaha TRBX174 iliyotumika, pauni 90, ina mikwaruzo lakini ilifaulu yote. Hiyo ndiyo niliyonunua.

Uzuri wake: haitumii betri. Magitaa mengi yenye saketi ya betri hunyamaza betri ikiisha, na hilo si jambo la kumpata mtu katikati ya ibada. Tena ina sumaku mbili za kunasa sauti, kwa hiyo unaweza kuchanganya sauti nene na kali kidogo.

Ubaya wake: nyuzi zilikuwa zimechakaa, nikanunua mpya, na nyuzi za besi si rahisi. Pia ni ndefu, kutoka daraja hadi mwanzo wa shingo nyuzi zina inchi 34, karibu sentimita 86. Dogo ni mrefu, ataimudu. Mtoto mdogo ningemchukulia Ibanez Mikro ya inchi 28.6.

Sasa maagizo. Dogo, usiichomeke kwenye redio ya Mama, besi inaweza kuchana spika. Tumia amplifaya ya kwaya. Mti hubadilika na hali ya hewa, hivyo nimeweka kifunguo cha kurekebisha shingo. Mwachie fundi akushike mkono mara ya kwanza. Dakika 20 kila siku zinatosha kuanzia. Ncha za vidole zikiuma ni kawaida, lakini kiganja kikifa ganzi, pumzika. Hapo naongea kama nesi.

Mama, ada ya muhula iko palepale, sijaigusa. Na Mjomba, la maana ni lile linaloshika sauti na halimuumizi anayejifunza. Hili linafanya yote mawili. Akishalimudu, la bei kubwa tutaongea.

Shemeji analileta mwezi ujao. Ngoja nikalale kidogo, usiku nina zamu. Nawapenda wote.